Mtani wa Lajos

Lajos Hornyák alipozikwa mwezi wa Januari, ardhi ya Ohio ilikuwa imeganda hata wachimba kaburi wakalazimika kuleta mashine. Mkewe, Gizella, alisimama kwenye theluji na viatu vyake vya kanisani, akapokea mikono ya watu mmoja mmoja, akamwambia kila mmoja "ahsante", wala chozi halikumtoka. Wanawake wa tawi la chama chao wakasema ana moyo wa chuma. Wengine wakasema, ngojeni kwanza, wageni wakishaondoka ndipo kilio kitakapomshika. Wageni wakaondoka. Mwanawe wa pekee akarudi California kazini kwake. Kilio hakikuja. Kilichokuja ni ganzi, kama ile ya mguu ulioukalia, ila hii ilikuwa ya mwili mzima, na haikuwa na ile michomo inayokuambia kwamba damu inarudi.

Hakuwa mwanamke wa kukaa bure. Alizaliwa kwenye kambi ya wachimba makaa ya mawe huko Pennsylvania, akalelewa kwa Kihangaria nyumbani na kwa Kiingereza dukani. Akaolewa na Lajos, mtu wa tanuri kwenye kiwanda cha chuma kando ya Ziwa Erie, na yeye mwenyewe akafunga balbu za taa kwenye maboksi mpaka alipostaafu. Ndugu wa damu walikuwa wachache na walikuwa mbali. Ukoo wao ulikuwa chama. Chama hicho cha Wahangaria kilianzishwa na mababu kwa ajili ya kuzikana, maana migodi ilikuwa ikiwala vijana na hakuna bwana mkubwa aliyejali nani atanunua jeneza. Baadaye, kwa kuwa walishazoea kukutana, wakaona si vibaya wakila na kucheza pamoja pia. Ndivyo zilivyozaliwa dansi za mavuno ya zabibu, pikiniki za Agosti, na yale mashindano ya kila Aprili ya bolingi, mchezo wa kuviringisha tufe zito liangushe pini za mbao, ambapo matawi ya Ohio, Pennsylvania, Indiana na Michigan yalikusanyika mahali pamoja kuangushana.

Kwenye bolingi Gizella hakuwahi kurusha tufe hata moja. Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma na chupa ya kahawa, ameshika koti la Lajos mapajani, na kusema "pole" au "vizuri" kadiri pini zilivyoanguka.

Katikati ya Machi, Béla Petrik, nahodha wa timu ya tawi, alibisha mlango wa jikoni. Alikuwa mtu wa makamo, mnene, mwenye haya, na alishika kofia mikononi kama aliyekuja kuposa.

"Mama Gizella, sikuja kukusumbua."

"Umeshanisumbua. Vua viatu, unaniletea tope."

Akavua. Akakaa, akapewa kahawa, akaikoroga muda mrefu ingawa hakuwa ametia sukari.

"Tumepungukiwa na mtu mmoja," akasema mwishowe. "Timu ni watu watano. Tukienda wanne, wanatutoa."

"Tafuta kijana."

"Vijana gani? Wote wameoa Waairishi, siku hizi wanacheza gofu."

"Béla, sijawahi kurusha lile dude maishani mwangu."

"Umeangalia miaka ishirini, mama."

"Na padri je? Nimemwangalia miaka sitini. Basi Jumapili nikaendeshe misa?"

Béla akacheka, kisha akakumbuka nyumba aliyomo, akanyamaza. Gizella alimwona akinyamaza. Watu wote walikuwa wakifanya hivyo siku hizi, kicheko kikifika mlangoni kwake kinavua kofia. Alitaka kumwambia acheke tu, lakini jambo lenyewe lilionekana kama mzigo wa kunyanyua. Kukataa nako kulihitaji sababu, na sababu zilihitaji maneno. Kukubali kulihitaji neno moja.

"Haya," akasema.

Mwaka ule mashindano yalikuwa Toledo. Walikwenda kwa gari la Béla, na Vilma mkewe akaongea njia nzima. Alimwongelea Lajos. Jinsi alivyokuwa mpole. Jinsi alivyokuwa mkarimu. Jinsi alivyopenda kanisa. Gizella alitazama mashamba yaliyolowa yakipita dirishani, akajiuliza huyo mtu anayesimuliwa ni nani. Lajos wake alikuwa akilala usingizi kanisani mdomo wazi, na alikuwa bahili kiasi cha kutumia kifuko kimoja cha chai mara tatu. Tangu Januari watu walikuwa wakimletea Lajos mpya, kila mmoja na sifa zake, wakimweka mezani karibu na keki za jozi, na yule wa zamani akazidi kusogezwa nyuma mpaka yeye mwenyewe akawa hamwoni vizuri.

Ukumbi wa bolingi ulikuwa ukinguruma kama ghala lililoezekwa bati na mvua ya mawe inalipiga. Moshi wa sigara, harufu ya soseji na kitunguu saumu, watu mia kadhaa wakiitana kwa majina ya utotoni. Gizella akapewa viatu vya kukodi vilivyombana, akapewa tufe jepesi la wanawake, akakaa kwenye benchi kungoja zamu yake. Ndipo aliposikia sauti nyuma yake, na akaijua kabla hajageuka.

"Shemeji! Yuko wapi yule mwizi?"

Alikuwa Rezső Vadnai wa South Bend, seremala, mfupi, mwenye masharubu yaliyosokotwa kwa nta na kofia ambayo hakuivua hata mezani. Rezső na Lajos walikuwa watani. Utani wao ulianza miaka mingi nyuma, Lajos alipomshinda kwa pini moja tu katika mzunguko wa mwisho, na Rezső akaapa mbele ya halaiki kwamba mguu wa Lajos ulikanyaga mstari ambao mrushaji haruhusiwi kuuvuka. Lajos akaapa kwamba haukukanyaga. Kuanzia hapo hawakuonana tena bila kutukanana. Walitukanana Aprili kwenye bolingi na Agosti kwenye pikiniki, na katikati walitumiana salamu za Krismasi zenye matusi. Mmoja akiugua, mwenzake alipiga simu kuuliza kama jeneza limeshapimwa.

Gizella alifungua kinywa. Neno lilikuwepo tayari, limekaa mbele ya ulimi. Alishalisema benki, alishalisema kwa muuza maziwa na kwa watu wa simu, na halikuwa na uzito tena.

"Hayupo," akasema.

"Naona hayupo, nina macho! Tena mapya, nimetoka nayo Florida. Msimu mzima wa baridi binti yangu amenianika juani kama samaki. Leo ni siku yangu ya tatu tangu nirudi, hata barua sijafungua." Akatazama mlangoni. "Anaegesha gari, siyo? Anazunguka mtaa kutafuta nafasi ya bure. Bahili yule! Atazunguka mpaka petroli iishe."

"Unamjua," akasema Gizella.

Halikuwa uongo. Rezső akacheka kwa sauti, akapiga goti lake, akaenda kwenye timu yake, iliyochezea njia ya jirani. Na Gizella akabaki amekaa, mikono mapajani. Alijua kwamba anapaswa kuinuka amfuate. Hakuinuka.

Béla alikuwa amesikia. Akamjongelea, uso umemwiva.

"Mama. Hajui?"

"Hajui."

"Basi mwambie! Au nimwambie mimi?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Béla, zamu yangu imefika. Nionyeshe mguu gani unatangulia."

Akaenda. Tufe la kwanza likatoka mkononi, likatembea kidogo kwenye mbao, likajitumbukiza kwenye mfereji wa pembeni kabla halijafika nusu ya njia. La pili vivyo hivyo. Kutoka njia ya jirani Rezső akapaza sauti:

"Shemeji! Unarusha tufe kama unamwaga maji ya vyombo!"

Watu wa tawi la Gizella wakaganda. Vilma akaweka mkono kifuani. Gizella akageuka.

"Na wewe unarusha kama unatafuta meno yako," akamjibu.

Njia tatu zikaangua kicheko. Rezső akavua kofia yake, jambo ambalo si wengi waliowahi kuliona, akainama. "Amekufundisha vizuri, yule mhuni!"

Mchana ukapita hivyo. Rezső aliagiza bia mbili, moja yake, moja akaiweka kwenye meza ndogo mbele ya Gizella. "Ya mwizi. Akija aikute imepoa, atajua nilimngoja." Baada ya muda akarudi akaikuta imejaa vilevile, povu limekwisha. Akakunja uso.

"Anajificha. Amesikia nipo. Au ni mgongo tena?"

"Leo hachezi," akasema Gizella.

"Nilijua! Yuko hotelini amejifunika blanketi. Mwoga! Mwambie nitamkuta kwenye chakula cha jioni, huko hakimbii, tumbo lake halimruhusu."

Akaondoka akimtukana. Alimtukana pua yake, uendeshaji wake wa gari, ile suti ya kahawia aliyoivaa kila sherehe tangu enzi za vita. Gizella alisikiliza yote. Hayakumfurahisha na hayakumuuma. Aliyasikia tu, moja baada ya jingine, kama mtu anayesikia majirani ukutani na kutambua sauti ya kila mmoja. Suti ile ndiyo waliyomzika nayo. Akachukua ile bia iliyokufa akainywa, kwa kuwa kuimwaga ingekuwa hasara.

Tufe lake la mwisho liliangusha pini saba. Béla akaruka kama aliyeshinda bahati nasibu, na Vilma akamkumbatia. Gizella aliona midomo yao ikimpongeza. Kelele zile zilimfikia kama za nyumba ya pili.

Chakula cha jioni kiliandaliwa kwenye jumba la Wahangaria wa Toledo, meza ndefu zimefunikwa karatasi nyeupe, supu ya kuku, kabichi zilizofungwa nyama ndani, mikate, chupa za pombe kali ya plamu zilizopita chini ya meza kana kwamba hakuna aliyezijua. Rezső alikuwa ameshafika. Alikuwa amewashikia viti viwili, kimoja cha Gizella, na kingine amekiinamisha kwenye meza ili asikikalie mtu. Juu ya sahani ya kiti hicho kulikuwa na kitu kimefungwa gazetini.

"Fungua, shemeji. Hawezi kunikasirikia."

Akafungua. Ulikuwa mguu wa mbao, ukubwa wa mguu wa mtu mzima, umechongwa kwa ustadi, vidole na kucha, umesimama juu ya kibao. Kwenye kibao kulikuwa na mstari mwekundu, na kidole gumba cha mguu kilikuwa kimeuvuka mstari kabisa.

"Ushahidi," akasema Rezső, macho yanamcheka. "Florida sikuwa na kazi. Nimeuchonga miezi miwili."

Gizella akaugeuza geuza mguu ule. Ulifanana. Hata kile kidole cha pili kilichopanda juu ya cha tatu, Rezső alikikumbuka.

Mbele ya ukumbi mwenyekiti wa chama alikuwa akipekua karatasi zake. Gizella alijua kinachofuata. Kila mwaka, kabla ya muziki, yalisomwa majina ya waliofariki tangu mashindano yaliyopita.

"Rezső," akasema. "Lajos amekufa. Mwezi wa Januari."

Rezső akamtazama. Kisha masharubu yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka kikubwa hata watu wa meza ya pili wakageuka.

"Amekutuma! Amekutuma useme hivyo! Eti amekufa, ili nimwonee huruma nifute kesi! Mwambie hapana. Mwambie hata akifa, mguu ulivuka."

"Ni kweli."

"Na unavyokaza uso! Shemeji, ungekuwa mwigizaji."

Gizella akashika kijiko. Kulikuwa na njia ya kumfanya mtu aamini, pengine kwa kumshika mkono, pengine kwa kulia, na alitafuta ndani yake akaona hana hata moja kati ya hizo. Akala supu. Ilikuwa na chumvi ya kutosha.

Mwenyekiti akagonga glasi. Watu wakasimama, viti vikakwaruza sakafu. Majina yakaanza. Mama mmoja wa Detroit. Ndugu wawili wa McKeesport waliofuatana wiki moja. Na kisha: "Lajos Hornyák."

Kwa Gizella jina lilipita kama jina la mtu wa tawi jingine. Lakini upande wake wa kulia alisikia pumzi ikikatika. Rezső alishika ukingo wa meza. Majina yaliyofuata hakuyasikia, na watu walipokaa yeye alibaki wima, mpaka Gizella alipomvuta koti.

Akakaa. Machozi yalikuwa yakimtiririka hadi kwenye masharubu, na nta ikayeyuka, ncha moja ikalegea.

"Na mimi nimecheka," akasema.

"Yeye naye angecheka."

"Alikufaje?"

"Alitoka kusafisha theluji mlangoni. Akaingia, akavua glavu, akasema kahawa yangu siku hizi ni maji matupu. Nikageuka niongeze kahawa kwenye birika. Nilipogeuka tena alikuwa ameinamia meza." Aliyasema kama mtu anayetoa maelekezo ya barabara. "Hakuumwa. Daktari alisema hakuumwa."

Rezső akajifuta kwa kiganja. Kisha huzuni ikageuka hasira, kama inavyogeuka kwa wanaume wengi.

"Kutwa nzima, shemeji! Kutwa nzima nimemtukana marehemu, na wewe umenitazama! Nimemnunulia bia! Kwa nini hukunikatiza?"

Gizella akafikiri. Lilikuwa swali la haki, na tangu Januari halikuwa limemfikia swali lolote lililomfanya afikiri.

"Nilitaka atukanwe kidogo zaidi," akasema. "Kwetu hakuna anayemtukana. Wote wanamsifu tu. Wanamsifu mpaka simjui. Wewe ulipokuja ukamwita mwizi, bahili, mwoga, nikasema, huyo, huyo sasa ndiye."

Wapiga fidla walikuwa wakipanda jukwaani, wakikaza nyuzi zao. Rezső akachukua ule mguu wa mbao, akauweka mbele yake mwenyewe, akaukazia macho.

"Alikuwa mwizi," akasema hatimaye.

"Endelea."

"Mguu ulivuka. Niliuona kwa macho haya."

"Ulivuka," akasema Gizella. "Aliniambia usiku uleule."

Rezső akamgeukia taratibu, mdomo wazi. "Alikiri?"

"Kwangu. Akaniapisha nisikwambie."

"Mbwa yule!" Rezső akapiga meza hata supu ikaruka. "Mbwa! Miaka yote hii!" Akawa analia na kucheka kwa pamoja, mpaka Vilma akaja mbio kuuliza kuna nini, na Gizella akamwambia hakuna kitu, watu wanazungumza. Muziki ukaanza. Watu wakasimama kucheza, wakizungushana, sakafu ikitetemeka. Rezső hakucheza. Gizella naye hakucheza. Walikaa kando kwa kando na kula kabichi, na kila baada ya muda Rezső alitikisa kichwa na kusema, "Mbwa yule."

Ingekuwa vizuri kusema kwamba usiku ule Gizella alilia hotelini, moyo ukafunguka. Hakulia. Alivua viatu vyake, akaona kidole gumba cha mkono kimevimba kwa ajili ya tufe, akakitia kwenye maji baridi, akalala akiwa amekodoa macho mpaka asubuhi, kama kawaida yake tangu Januari.

Lakini wiki iliyofuata, wanawake wa tawi walipokutana kusokota tambi za supu kwenye vyumba vya chini vya kanisa, Vilma alianza tena. Lajos alikuwa malaika, akasema, hakuna mwanamume kama yule aliyebaki.

"Malaika gani?" akasema Gizella bila kuinua macho kwenye unga. "Alikuwa akikatia kucha zake za miguu kwenye beseni langu la kukandia."

Mikono yote ikasimama. Kisha bibi mmoja wa mwisho wa meza akaangua kicheko, na mwingine, na yule wa tatu akasema wa kwake alikuwa akitema mbegu za alizeti kitandani. Maneno yakafunguka kama gunia lililokatwa kamba. Gizella mwenyewe hakucheka. Aliendelea kusokota, lakini alisikiliza, na mara mbili alimsahihisha mtu aliyekosea habari za Lajos.

Agosti Rezső alikuja kwenye pikiniki ya tawi lao, jambo ambalo hakuwahi kulifanya bila mwaliko. Asubuhi alimpeleka Gizella makaburini. Alisimama mbele ya jiwe, kofia kichwani, akamtukana Lajos kwa Kihangaria safi kabisa, tusi juu ya tusi, mpaka mtu aliyekuwa akimwagilia maua kaburi la pili akaondoka na ndoo yake. Kisha akajikohoza, akasema, "Haya, twende tukale."

Kwenye uwanja wa tawi moto ulikuwa umeshawashwa. Wanaume walishika vijiti vyenye mapande ya mafuta ya nguruwe, wakiyayeyusha motoni na kuyadondoshea kwenye mikate yenye vitunguu na matango. Béla alikuja kumwambia Gizella kwamba jina lake ameshaliandika kwenye timu ya mwaka ujao.

"Nilikuwa wa mwisho mashindano mazima," akasema Gizella.

"Wa pili kutoka mwisho, mama. Kuna yule bwana wa Akron aliyeteguka kiwiko."

Hakukataa. Akala mkate mmoja, kisha akaomba wa pili, akakaa kwenye kiti cha turubai karibu na wapiga muziki, mahali penye makelele kuliko pote. Wakati watoto wakishindana kukimbia ndani ya magunia na wanaume wakibishana juu ya matokeo ya Toledo, kichwa chake kikainama taratibu upande mmoja. Vilma akaona, akataka kumwamsha, ahamie kivulini penye utulivu.

Rezső akamzuia kwa mkono. "Mwache," akasema. "Amelala."

Wakamwacha. Muziki ukaendelea, moshi wa mafuta ukapita juu yake, na Gizella akalala mdomo wazi mpaka jua likashuka na watu wakaanza kukunja meza.